Anza na Gogo: Reli ya Mfano ya Magogo kwa Mjenzi wa Tabora

Gogo la mninga lenye urefu wa mita 4 na unene wa nusu mita lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.78. Mninga uliokauka una uzito wa takriban kilo 640 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo gogo hilo ni kilo 500, na likiwa bichi linazidi hapo. Mpagazi wa misafara alibeba kama kilo 30. Ukigawanya utapata wapagazi kumi na sita au kumi na saba, lakini hesabu hiyo ni ya karatasini tu. Pembe ya ndovu humpata mtu wa kuitia begani ikafika Bagamoyo baada ya miezi. Gogo halimpati. Ndiyo maana karne yote ya kumi na tisa Tabora ilipitisha pembe, vitambaa, shanga na nyaya za shaba, huku miombo iliyouzunguka mji imesimama palepale. Mbao zilisubiri reli, na reli ilifika Tabora mwaka 1912.

Naanza na gogo kwa sababu wengi wanaotaka kujenga reli ya mfano huanza na injini. Wanaona picha ya kichwa cha treni kinachowavutia, wanakinunua, kisha wanatafuta reli ya kukiweka, halafu kilima, halafu vijiti viwili vitatu vya kuitwa msitu. Kinachotoka ni injini inayozunguka meza bila shughuli. Katika reli ya magogo mpangilio ni kinyume chake. Mti ulioangushwa ndio unaoamua behewa liwe na urefu gani, kona ziwe na ukali gani, na kama treni inapanda mlima au inatambaa bondeni. Ukishalijua gogo lako, maswali mengi yaliyobaki yanajijibu.

Sasa, reli gani? Mtu wa Tabora atafikiria kwanza Reli ya Kati, na ana haki. Mninga wa Unyamwezi umesafirishwa sana kwa mabehewa yake, na katika enzi ya mvuke injini zenyewe zilichochewa kwa kuni, hata msitu ukawa shehena na chakula cha treni kwa pamoja. Lakini Reli ya Kati ilijengwa kwa kila kitu: watu, karanga, pamba, chumvi, ng'ombe. Mbao zilikuwa abiria mmoja kati ya wengi. Reli iliyojengwa hasa kwa ajili ya magogo ni kitu kingine, na Tanzania ilikuwa nayo. Ilikuwa upande wa pili wa nchi, Usambara Mashariki.

Iliitwa Reli ya Sigi. Ilianzia Tengeni, stesheni ya Reli ya Usambara itokayo Tanga, ng'ambo kidogo ya Muheza, ikapanda hadi Sigi chini ya milima ya Amani, mwendo wa km 23 hivi. Ilijengwa na kampuni binafsi ya Kijerumani, Sigi-Export-Gesellschaft, kati ya 1904 na 1910, ili kutoa magogo ya msitu wa mvua. Upana kati ya reli zake mbili ulikuwa mm 750 tu, wakati Reli ya Usambara iliyopokea mzigo wake ilikuwa na mita moja kamili. Juu zaidi, Amani, palikuwa na taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea iliyoanzishwa mwaka 1902, na watu wake nao walinufaika na njia hiyo. Reli yenyewe haipo tena. Nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni pale Sigi ipo, na sasa inapokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Anayetaka kupima dirisha au mteremko wa paa kwa macho yake anaweza kwenda.

Usambara Magharibi walitatua tatizo hilohilo kwa njia nyingine kabisa. Mierezi ya Shume ilikuwa juu ya ukingo wa mlima mkali mno kwa treni, basi kampuni ya Bleichert ya Leipzig ikajenga njia ya kamba za chuma angani, mbao zikashuka zikining'inia hadi Mkumbara penye reli. Kwa mwenye subira ya fundi saa, huo ni mfano mzuri wa kujenga. Mimi nitabaki na Sigi.

Kwanza uwiano. Ulimwenguni kote uwiano unaotumiwa zaidi na wajenzi wa reli za mfano ni 1:87, unaoandikwa H0, yaani kila mita 87 za dunia huwa mita moja mezani. Kwetu una faida ya pekee. Gawanya mm 1,435 za reli mpya ya SGR kwa 87, unapata mm 16.5, na hicho ndicho kipimo hasa cha reli ya kawaida ya H0 inayouzwa madukani. Gawanya mm 1,000 za Reli ya Kati, unapata 11.5, na reli ya mm 12 iko sokoni kwa jina la H0m. Gawanya mm 750 za Sigi, unapata 8.6, na reli ya mm 9 iko sokoni kwa jina la H0e. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa uwiano mmoja, akiwa na vibanda na sanamu za watu zilezile, anaweza kuweka mezani reli zote tatu za historia ya nchi hii na zikaonekana zimetofautiana inavyopasa. Ziada ya nusu milimita haionekani na yeyote asiyeshika rula.

Tahadhari moja. Reli ya mm 9 inauzwa pia kwa ajili ya uwiano mdogo zaidi wa 1:160, na mara nyingi ni ya bei nafuu. Mataruma yake ni membamba na yamesongamana, kwa sababu yametengenezwa kwa ajili ya njia kuu iliyopunguzwa mara 160. Ukiitumia kwa Sigi, jicho litakataa hata kama halijui sababu. Kata taruma moja kati ya kila mawili, sogeza yaliyobaki yasipangane sawasawa, kisha yafukie nusu kwa udongo. Njia nyembamba za aina hii mara nyingi zilishindiliwa kwa udongo na changarawe ya hapohapo, si kwa kokoto nzuri za njia kuu.

Kuhusu injini, niseme lililo moyoni. Kitabu chochote cha reli za magogo kitakuonyesha Shay, ile injini ya Kimarekani yenye mitungi ya mvuke iliyosimama wima ubavuni na mhimili wa giya unaozungusha kila gurudumu. Ni mashine ya ajabu. Kiwanda cha Lima, Ohio, kilitengeneza zaidi ya 2,700 kati ya 1880 na 1945, na nyingine zilifika hadi Alishan, Taiwan, kwenye reli ya magogo ya mm 762 iliyoanza kazi mwaka uleule treni ilipofika Tabora. Lakini kuiweka Shay chini ya Usambara ni kuleta msitu wa watu wengine nyumbani kwako. Chagua injini fupi ya Ulaya yenye tangi la maji ubavuni, bila behewa la makaa nyuma. Za uwiano wa H0e zipo nyingi, na nyingi zina magurudumu manne au sita tu, ambayo hupita kona ya nusu kipenyo cha sm 22 bila kulalamika. Huo ukali wa kona ndio utakaokuokolea nafasi.

Na nafasi ndiyo kazi ngumu. Kilomita 23 ukizigawa kwa 87 ni mita 264. Hakuna sebule ya Chemchem, hapa Tabora, yenye urefu huo, na anayefikiria Reli ya Kati ajue kwamba Dar es Salaam hadi Kigoma, km 1,250 hivi, itamtaka zaidi ya km 14. Hapa ndipo mjenzi anapogeuka mhariri. Hupunguzi kila kitu kwa usawa. Unachagua matukio matatu au manne yanayoibeba habari, na kutupa yaliyobaki. Kwa Sigi matukio ni haya: mahali magogo yanapopakiwa msituni, mlima, na Tengeni ambapo mzigo unahamishwa.

Mlima ndio utajiri wa reli hii. Ili kuupanda, wahandisi walitumia migeuko minne ya nyuma na mbele. Treni inapanda hadi mwisho wa njia iliyokatika, inasimama, pointi (kigeuzi cha njia) nyuma yake inabadilishwa, kisha inapanda tena kinyumenyume kwa mguu wa pili wa njia hadi mgeuko unaofuata. Ukiitazama kutoka pembeni, njia ina umbo la herufi Z iliyorudiwa. Kwa mjenzi wa rafu hii ni zawadi, kwa sababu treni inapata kimo bila kuhitaji mzunguko mpana wa kona. Yote yanafanyika kwenye ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani.

Tuchukue rafu ya sm 240 kwa 45. Weka migeuko miwili badala ya minne. Kwa nini miwili, si mmoja wala mitatu? Kila mgeuko unabadilisha nafasi ya injini: iliyokuwa inavuta sasa inasukuma. Baada ya migeuko minne, treni ya Sigi iliyoanza na injini mbele ilifika na injini mbele. Migeuko miwili inatoa matokeo hayohayo. Ukiweka mmoja au mitatu, treni yako itafika stesheni ya juu ikiwa imegeuka, na mpangilio wote wa njia za pembeni utakusumbua.

Migeuko miwili inaleta miguu mitatu ya njia. Ukiupa kila mguu sm 150 za kupanda kwa asilimia 3.5, kila mmoja unapanda zaidi ya sm 5, na jumla ni karibu sm 16. Hicho ni kimo cha kutosha jicho kusadiki mlima. Usipande kwenye pointi yenyewe wala kwenye ncha ya mgeuko, pale njia inapokatika. Sehemu hizo ziwe tambarare, la sivyo mabehewa yataachiana au yataanza kuteremka yenyewe wakati injini imesimama. Urefu wa ncha ndio unaotawala urefu wa treni yako yote. Injini ya sm 8 na mabehewa matatu ya sm 7 ni sm 29, kwa hiyo ncha iwe na sm 32. Ukitaka behewa la nne, lazima uongeze sm 7 kwenye kila ncha, na rafu itakukatalia.

Sasa miti, na hapa ndipo reli nyingi za mfano zinapoharibika. Watu hutengeneza miti midogo mno. Mtu wa mita 1.7 kwa uwiano wa 1:87 anafikia mm 20. Mninga wa mita 15 ni sm 17. Mti mkubwa wa msitu wa mvua wa Usambara, wa mita 40, ni sm 46, yaani urefu wake unapita upana wa rafu nzima. Miti ya sm 10, ambayo ndiyo inayouzwa kwa wingi, inafanya msitu wa Sigi uonekane shamba la mipera.

Dawa yake ni kutojaribu kuonyesha mti mzima. Weka mashina tu mbele, manene kama kidole gumba, yakikwea hadi yapotee nyuma ya ubao uliofunika sehemu ya juu ya onyesho. Mtazamaji anaona injini ndogo ikipita kati ya nguzo ambazo haoni mwisho wake, na akili yake inamalizia majani. Nyuma, karibu na ukuta, panga kijani kilichofifia bila umbo. Vijiti vya mpera ni vizuri kwa mashina haya kwa sababu gome lake ni laini na lina mabaka, kama la miti mingi ya msitu wa mvua. Gome lenye mipasuko mikubwa linaufichua uongo mara moja. Ongeza mizizi mipana iliyotanuka chini ya shina kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na gundi nyeupe ya maseremala.

Magogo ya kubeba yanafuata hesabu hiyohiyo. Gogo la mita 4 ni mm 46, na unene wa nusu mita ni karibu mm 6. Lisizidi hapo. Kata ncha kwa msumeno mwembamba wa chuma, usivunje kwa koleo, kwa sababu ncha iliyokatwa ndiyo sehemu ya gogo inayotazamwa zaidi. Paka katikati rangi ya moyo wa mti na uache ukingo mweupe wa nje. Kwa mninga, moyo ni kahawia yenye wekundu, na utomvu wake mwekundu unaweza kuuonyesha kwa doa moja la rangi. Madoa mawili tayari ni bucha.

Mjenzi wa Chemchem ana vifaa ambavyo mwenzake wa Ulaya huviagiza kwa posta. Maranda na vumbi la mbao viko kwenye karakana ya seremala yeyote. Chekecha vumbi kwa chujio la chai, chovya kwenye rangi za kutia ukili, anika juani, na una majani ya kila aina ya kijani. Udongo wa kichuguu ni laini na hushika vizuri. Chekecha, nyunyiza juu ya maji yenye gundi nyeupe na tone la sabuni, na ardhi imekamilika. Kwa Sigi utie wekundu, maana udongo wa kwetu Unyanyembe ni wa kichanga na mweupe mno kwa Usambara. Kwa umbo la mlima, lile povu gumu jeupe linalokuja na televisheni mpya hukatwa kwa kisu chenye makali na kufunikwa kwa jipsamu ya mafundi wa dari. Usitumie magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa ngano, hata kama vitabu vinasifu. Mende na panya watauona mlima wako kabla ya wageni.

Fremu ya rafu iwe mninga. Sisemi hivyo kwa uzalendo. Mninga hautanuki wala kusinyaa sana kati ya masika na kiangazi, na mbao inayopinda milimita mbili tu inatosha kung'oa reli ya mm 9 kwenye maungio. Moyo wake pia haupendwi na mchwa, ingawa sehemu nyeupe ya nje wanaila bila aibu, kwa hiyo kagua kila kipande. Vipande vinavyobaki kwa maseremala vinatosha kabisa. Hakuna sababu ya kutafuta mninga uliotoka msituni bila kibali cha TFS, wakala wa misitu, ili kujenga mfano wa msitu.

Umeme una machache. Volti 12 za mkondo mnyoofu zinatosha, na betri ya pikipiki inaendesha injini ndogo kwa saa nyingi siku ambayo umeme umekatika. Adui ni vumbi la kiangazi juu ya reli: pitisha kipande cha kitambaa chenye spiriti kila kabla ya kuendesha.

Kwa anayesisitiza kuijenga Tabora yenyewe, nina pendekezo. Chukua stesheni ndogo ya reli ya Kaliua hadi Mpanda, km 210, iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi, inayopita katikati ya miombo. Tumia reli ya mm 12. Hapa hakuna mlima, kwa hiyo burudani inahamia kwenye kupanga mabehewa: njia ya pembeni ya kupakia mbao, rundo la kuni za injini, na treni ya abiria inayolazimisha kila kitu kipishe. Chagua mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, miombo inapochipua majani mekundu na ya rangi ya shaba. Ni rangi ambayo haimo kwenye pakiti yoyote ya dukani na itawafanya watazamaji wadhani umekosea, isipokuwa Wanyamwezi. Na mataruma yawe ya chuma, yenye kutu. Wajerumani waliijenga Reli ya Kati kwa mataruma ya chuma kwa kuogopa mchwa, kwa hiyo reli ya mfano yenye mataruma ya mbao katikati ya msitu wa mbao, ingawa inaonekana ya mantiki, si ya hapa. Kwa injini ya mvuke ya miaka ya 1950, tazama picha za ile namba 3020 iliyo kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Inaitwa Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida.

Turudi Tengeni, kwenye tukio la mwisho la rafu. Hapa reli ya mm 9 inakutana na reli ya mm 12, ubavu kwa ubavu, na hakuna behewa linaloweza kuvuka. Katika dunia halisi mzigo ulilazimika kuteremshwa kutoka behewa jembamba na kupakiwa kwenye behewa la mita moja. Usidanganye kwa kugundisha magogo kwenye mabehewa. Yafanye yatoke. Weka vigingi vya waya pembeni mwa kila behewa, na mnyororo mwembamba wa mkufu uliokatika juu yake. Inua njia nyembamba milimita chache juu ya njia pana, kama jukwaa la kupakulia, ili magogo yabiringishwe chini badala ya kunyanyuliwa. Mabehewa yanapanda tupu na kushuka yamejaa, na uzito huo wa kushuka utakuonyesha kama asilimia 3.5 ilikuwa nyingi mno kwa injini yako. Treni ya mabehewa matatu, magogo matatu kwa kila behewa, inakuachia magogo tisa ya kuhamisha kwa kibano, moja moja, kabla treni ya Tanga haijafika.